Umechanganya probiotiki, nguruwe hawakui? Anzia hapa

Simu ninazopigiwa na wafugaji wa huku Mbeya kuhusu probiotiki zinafanana. Mtu kanunua kifuko au chupa, kachanganya kwenye pumba, kangoja wiki tatu, nguruwe wako vilevile. Anataka nimwambie kauziwa feki. Wakati mwingine kweli kauziwa feki. Mara nyingi zaidi bakteria walikufa kabla hawajafika tumboni, au walifika salama wakakuta shida isiyowahusu: minyoo, mahindi yaliyoota ukungu, banda la baridi, maji ya kugombania.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Probiotiki ni vijidudu hai vinavyolishwa mnyama kwa kiasi cha kutosha ili vimsaidie. Hivyo ndivyo FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walivyoieleza mwaka 2001, na neno la kushika hapo ni "hai". Wakifika utumboni wanashika nafasi, wanatengeneza asidi, na vijidudu vya kuharisha vinakosa pa kujibanza. Hawabebi protini wala madini, na minyoo hawaigusi.

Madukani utakutana na za aina nne. Kuna za Bacillus, ambazo zimelala ndani ya ganda gumu na zinavumilia joto. Kuna za Lactobacillus, Pediococcus na Enterococcus, ndugu wa bakteria wa mtindi, ambazo ni laini na hufa upesi. Kuna hamira, Saccharomyces. Na kuna EM, ile ya maji ya kahawia, mchanganyiko uliobuniwa na Profesa Teruo Higa wa Okinawa, Japani, kwa ajili ya udongo kabla wafugaji hawajauingiza mabandani. Soma lebo ujue unayo ipi, maana majibu ya chini yanategemea hilo.

Ukiona dalili hizi, funga kifuko upige simu

Naziweka mwanzo kwa sababu watu huzisoma mwisho, wakiwa wameshapoteza siku mbili wakijaribu dozi kubwa zaidi.

Nguruwe wakubwa kwa wadogo wanaacha kula kwa pamoja, joto la mwili linavuka nyuzi 40.5 (kawaida huwa karibu na 39), masikio na tumbo vinakuwa vyekundu au vya zambarau, wanajilundika, wengine wanakufa ghafla: hiyo inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na mpaka leo haina tiba. Usiuze hata mmoja, usichinje "kabla hajafa", usigawe nyama, usiruhusu mnunuzi aingie bandani na viatu vyake. Mpigie afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Binadamu haimpati, lakini kipande cha kitimoto kutoka banda lenye ugonjwa kikitupwa kwenye makombo ya banda jingine, banda hilo nalo limekwisha.

Watoto walioachishwa wiki moja au mbili zilizopita, tena wale wanono kuliko wenzao, wanavimba kope, wanayumba kama walevi na kufa: uvimbe unaoletwa na bakteria wa E. koli. Daktari, leo.

Nguruwe anasukuma kichwa ukutani, anakaa kitako kama mbwa, anapata degedege, na ukikumbuka, maji yalikatika jana au mmewalisha dagaa wa chumvi: sumu ya chumvi. Usimfungulie maji mengi kwa mkupuo, ubongo huvimba zaidi. Mpe kidogokidogo, kila baada ya muda mfupi, huku unamsubiri daktari.

Kinyesi chenye damu na makamasi, au mabaka ya ngozi yenye pembe nne kama kete, nayo ni ya daktari.

"Mwezi umeisha, sioni tofauti"

Swali langu la kwanza huwa: umewapima? Jibu karibu kila siku ni "kwa macho". Macho yanayomwona nguruwe asubuhi na jioni hayaoni kilo tatu. Kama huna mizani, chukua futi ya fundi nguo. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Mwenye mzunguko wa mita 0.90 na urefu wa mita 0.85 anakuja karibu kilo 48. Mpime asubuhi kabla hajala, awe amesimama kichwa mbele. Rudia baada ya siku 30 kwa nguruwe walewale.

Chotara anayelishwa vizuri, akiwa kati ya kilo 30 na 80, anaweza kuongeza gramu 500 hadi 700 kwa siku. Wako akiongeza 200, acha kuilaumu probiotiki. Hakuna bakteria anayeziba pengo la namna hiyo. Wakifanya kazi yao vizuri wanaongeza asilimia chache juu ya ulichokwisha kukijenga.

Sasa sababu, kuanzia ninayoikuta mara nyingi.

*Waliuawa jikoni.* Mwaka jana nilimtembelea mama mmoja jirani. Nilimkuta anakoroga ndoo ya uji wa pumba, mvuke unapanda mpaka kwenye kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, dawa yako naiweka kila siku, wala sikosi."

Akafungua kifuko cha Lactobacillus, akamimina kijiko, akakoroga. Nikatumbukiza kidole ndoweni nikakitoa mbio.

"Mama, kidole changu kimeshindwa humo. Hao wadudu wataweza?"

Alicheka, lakini kifuko kilikuwa cha pili. Kipimo ni mkono: uji ukiwa vuguvugu kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga, tia. Kabla ya hapo unapika bakteria. Kiwanda cha chakula cha vidonge nacho hupasha moto nyuzi 80 na zaidi, hivyo mwenye kununua vidonge atafute ya Bacillus, au anyunyizie yake juu ya vidonge vilivyokwisha poa.

*Waliuawa na maji.* Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yanaua bakteria wako kama yanavyoua wa kipindupindu. Kinga maji kwenye ndoo pana, yaache wazi usiku kucha, asubuhi ndiyo uchanganyie. Kihori kilichooshwa kwa dawa ya kuua vijidudu kisuuzwe kwanza.

*Waliuawa na sindano.* Huwezi kumchoma nguruwe oksitetrasaiklini asubuhi na kumpa bakteria jioni ukategemea wapatane. Antibiotiki haichagui rafiki. Maliza dozi uliyoandikiwa, kisha anza probiotiki. Hapo ndipo inapofaa sana, kwa sababu utumbo umebaki mtupu. Na kama unachoma kila mwezi "kwa tahadhari", acha. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006, na sisi tunaendelea kuzichota kama chumvi.

*Dozi ni ya kubahatisha.* Kifuko kikisema kilo 1 kwa tani, maana yake gramu 1 kwa kilo ya chakula, gramu 70 kwa gunia la kilo 70. Kama lebo inaonyesha bakteria bilioni 1 kwa gramu, kwa kipimo hicho kila gramu ya chakula inapata milioni 1, kiwango ambacho bidhaa nyingi zinakilenga. Ukitia nusu "ili kidumu" unabaki na vumbi la gharama. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Gramu 70 usizimwage juu ya gunia zima na kukoroga kwa koleo, zitaishia kona moja. Changanya kwanza na kilo 1 ya pumba, hizo uzitie kwenye kilo 5, kisha 20, ndipo gunia zima.

*Walikufa dukani.* Kifuko kilichokaa dirishani kikipigwa jua la saa nane ni unga mtupu, hata kama tarehe haijapita. Kwa za Lactobacillus na hamira kuna jaribio la nyumbani, la kienyeji lakini linasaidia. Chemsha maziwa, yapoe yawe vuguvugu, gawa vikombe viwili safi. Kimoja tia kijiko cha chai cha unga, cha pili usitie kitu. Funika, weka penye joto mpaka kesho. Kile chenye unga kikiganda na kuwa kichachu na kingine hakijaganda, wako hai. Hamira yenyewe tia kwenye maji vuguvugu yenye sukari. Ndani ya nusu saa itoe povu. (Maziwa hayo wape nguruwe, usinywe.) Bacillus huwezi kumjaribu hivi, kwake angalia tarehe, mfuko usiwe umetoboka, na unga usiwe umeshikana mabonge.

*Chakula chenyewe ni hafifu.* Nimeiweka mwisho ila ukiniuliza kwa siri nitakwambia ndiyo ya kwanza. Watu wengi hapa wanalisha pumba za mahindi na chumvi, basi. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10. Mtoto aliyeachishwa anahitaji 18 hadi 20, anayekua 16 hadi 18. Bila soya, mashudu au dagaa hufiki.

Halafu angalia kama pumba ni pumba. Zile za mpunga zinazotoka Kyela na Mbarali zina madaraja: laini ni chakula, na kuna maganda yaliyosagwa yanayouzwa kwa jina hilohilo. Tia gao moja kwenye glasi ya maji, koroga, ngoja. Maganda mengi yataelea. Dagaa fanya hivyohivyo, ila hapo tazama chini: mchanga unatulia. Nimeshaona glasi ambayo robo yake ilikuwa Ziwa Victoria.

Soya ikaangwe mpaka ganda lipasuke na rangi ibadilike, au ichemshwe nusu saa baada ya maji kuanza kutokota. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia protini isisagike tumboni, nguruwe anakula vizuri, anaharisha kidogo, hakui. Mfuko wa tatu wa probiotiki hautarekebisha hilo.

"Nimewaachisha, sasa wanaharisha, na probiotiki nawapa"

Wiki mbili za kwanza baada ya kuachishwa ndizo probiotiki imetengenezewa, kwa hiyo hapa lawama zina haki kidogo. Lakini tazama ulianza lini. Ukiianza siku ya kuachisha umechelewa, kwa sababu bakteria wabaya huingia siku hiyohiyo maziwa ya mama yanapokatika. Mpe mama wiki mbili kabla ya kuzaa na kipindi chote cha kunyonyesha, maana watoto wanalamba kinyesi chake tangu wanazaliwa na ndiko wanakookota bakteria wa kwanza. Watoto wenyewe waanze kuonja chakula chao cha kuanzia siku ya 7 hadi 10, kikiwa na probiotiki ndani.

Kama uliwahi na bado wanaharisha, mguso wa kwanza uwe sakafu. Weka kiganja chako pale wanapolala saa 11 alfajiri. Mtoto aliyeachishwa anataka nyuzi 26 hadi 28. Juni na Julai kwetu Uyole sakafu ya saruji alfajiri inauma mkono, na mtoto aliyelala amejikunja juu ya mwenzake anatumia chakula chote kupigana na baridi. Maranda makavu ya unene wa shubiri, ubao wa kulalia, gunia la kuzuia upepo usawa wa mgongo wao. Nimeona kuharisha kukiisha kwa siku tatu bila dawa yoyote zaidi ya maranda.

Pili, wanakula mno. Siku ya kuachishwa wanashindwa kula, siku ya pili njaa inawazidi, wanafakamia. Gawa chakula mara nne au tano kwa siku, kidogokidogo, kwa wiki nzima ya kwanza. Usibadilishe aina ya chakula na banda siku moja.

Tatu, maji. Kama mna chuchu za maji, kinga kwenye chupa dakika moja: kwa umri huu ipatikane angalau nusu lita. Kama ni kihori, tazama kama watoto wanakifikia au wanakitumia kama choo.

Wanaoharisha maji tu, bado wachangamfu, wape maji ya kuongezea nguvu: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Endelea na probiotiki. Vuta ngozi ya shingo ukaiachie. Ikichelewa kurudi, macho yakiwa yamezama, mtoto hanyanyuki, au siku ya pili imepita bila nafuu, hiyo si kazi yako tena. Anahitajika daktari, na pengine antibiotiki ya kweli kwa dozi kamili.

Wale wanaoharisha wakiwa bado wananyonya, siku ya 7 hadi 14, kinyesi cha njano kama ugali laini, na sindano haikusaidia: mwambie daktari afikirie koksidia, vimelea vidogo vya utumbo. Hao si bakteria, ndiyo maana antibiotiki haikuwagusa.

"Wananusa, wanaondoka"

Chakula kilichochachushwa kina harufu, na nguruwe ana pua kuliko mbwa wa polisi. Kama umebadilisha jana, ni ugeni tu. Anza na sehemu moja kwa nne, ongeza ndani ya wiki.

Wakikataa chakula walichokuwa wakikipenda, kionje kwa pua. Uchachu mzuri unafanana na mtindi au togwa. Harufu ya siki kali au pombe inaonyesha kimepita siku zake; pumba zilizoloweshwa na EM kwetu zinatosha siku moja hadi tatu, na kwenye joto la Kyela siku moja inatosha. Hamira ikiachwa muda mrefu inatengeneza pombe. Kijana mmoja aliniita nguruwe wake "wameshikwa na ubongo", nikafika nikakuta ndoo ya siku tisa na nguruwe wanne wamelala chali wanakoroma. Kesho yake walikuwa na hasira.

Harufu ya kuoza, au ukungu mweusi, wa kijani au wa pinki: mwaga mbali na banda. Usiuondoe wa juu ukalisha wa chini.

Kukataa chakula kikavu kisicho na harufu, kundi zima, kunanifanya niulize mahindi yalitoka wapi. Mahindi yaliyokataliwa na binadamu ndiyo yanayopelekwa kwa nguruwe, na sumukuvu inabaki hata baada ya ukungu kupukutika. Ni sumu hiyohiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nguruwe wanakula kidogo, wanadumaa, ini linaharibika. Na sumu nyingine ya ukungu huvimbisha uke wa vitoto majike kama wako kwenye joto ilhali wana miezi mitatu. Probiotiki haisafishi chakula cha namna hii. Badilisha chakula kwanza, kisha muite daktari akague.

"Dumu la EM limevimba" na "EM yangu inanuka"

Kuvimba ni kwa kawaida, ni gesi. Kipimo kinachotumika sana ni lita 1 ya EM, lita 1 ya molasi, na maji mpaka lita 20, kwenye dumu la plastiki lililofungwa, siku 7 kivulini. Legeza kifuniko kila siku utoe gesi, ukaze tena. Usitumie chupa ya kioo. Mimi niliwahi kusahau dumu stoo wakati wa Pasaka, nikarudi siku ya nne nikakuta mfuniko haupo na molasi iko kwenye dari. Bado ipo, ukipandisha macho unaiona.

Iliyokomaa ina harufu tamu-chachu na rangi imepauka kidogo. Utando mweupe juu ni hamira, hauna neno. Karatasi ya kupimia asidi isome chini ya 4. Ikisoma juu ya hapo baada ya siku 10, sababu huwa maji yenye klorini, baridi (mchakato unazorota, sogeza dumu karibu na jiko), au molasi iliyochakachuliwa kwa maji. Ikinuka mayai viza, mwaga. Na usiitumie hiyo uliyozalisha kuzalisha nyingine, kisha nyingine. Kila kizazi wageni wanaongezeka, na kwenye kizazi cha tatu hujui tena unalisha nini.

"Walianza vizuri, wakasimama"

Minyoo. Nikikosea mara moja kwa kumi nitakununulia soda. Minyoo mikubwa ya duara huchukua wiki sita hadi nane tangu yai limezwe mpaka mnyoo utage, kwa hiyo kundi lililoonekana safi likiachishwa linakuja kusimama miezi miwili baadaye, wakati wewe umeshaamini bakteria wako. Muulize mchinjaji: ini lenye madoa meupe kama maziwa ndiyo ushahidi. Dawa ya minyoo wakati wa kuachisha, kisha kila miezi mitatu, kwa uzito uliopimwa. Ivamektini inawamaliza na wadudu wa upele pia. Soma siku za kusubiri kabla ya kuchinja na uziheshimu.

Kama minyoo imeshughulikiwa, hesabu chakula. Mfugaji anaanza na ndoo mbili kwa kundi la kilo 20 kila mmoja, na kundi likifika kilo 40 ndoo bado mbili.

Anayedumaa mmoja tu kati ya kumi, mwangalie yeye, usiguse chakula cha wote: upele nyuma ya masikio, kusukumwa kihorini, au alizaliwa mdogo akakosa sindano ya chuma ya siku ya tatu. Mtenge ale peke yake wiki mbili.

"Wanakua, ila sioni hela"

Hili ni swali la haki. Tuseme una nguruwe 10, kila mmoja anakula kilo 2 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 600 za chakula, sawa na gramu 600 za probiotiki ya kilo 1 kwa tani. Tuseme kilo inauzwa shilingi 25,000: umetumia 15,000. Tuseme kilo ya nguruwe hai ni 5,000: unahitaji kilo 3 za ziada kwa kundi lote, gramu 300 kwa kila mmoja kwa mwezi. Kama kawaida wanaongeza kilo 15 kwa mwezi, hiyo ni asilimia 2. Weka bei za sokoni kwako urudie hesabu, kisha gawa kundi lako mawili, watano wapewe na watano wasipewe, chakula na banda sawa, uwapime kwa futi. Watano ni wachache kuamua jambo, hivyo rudia na kundi linalofuata kabla hujaamini.

Wengi wanaofanya hivi wanakuta faida iko kwa watoto na kwa mama anayenyonyesha, na kwa nguruwe wa kilo 70 anayesubiri mnunuzi haionekani vizuri. Kwangu mama anaanza wiki mbili kabla ya kuzaa, watoto wanaendelea mpaka wiki ya nne baada ya kuachishwa, na kuanzia hapo kifuko kinafungwa kwa kamba na kurudi kabatini, kivulini.